Wawakilishi 134, kura 68: Bunge la Minnesota linavyofanya kazi

Tarehe 14 Januari 2025, siku ya kufungua kikao kipya cha Bunge la jimbo la Minnesota nchini Marekani, wawakilishi wa chama cha Republican waliketi ukumbini mjini St. Paul huku viti vya upande wa pili vikiwa vitupu. Wenzao wa DFL, ambacho kwa Minnesota ndicho chama cha Democratic, walikuwa wamesusa. Walikuwa wameshaapishwa siku mbili kabla katika hafla ya faragha, kisha hawakuonekana. Katibu wa Jimbo, Steve Simon, ambaye kisheria huongoza kikao cha kwanza hadi spika apatikane, alihesabu waliopo, akatangaza kwamba akidi, yaani idadi ya chini inayotakiwa ili kikao kiwe halali, haijatimia, akaahirisha kikao na kutoka. Warepublican hawakutoka. Walimchagua Lisa Demuth kuwa spika wakaanza kazi. Siku kumi baadaye Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema yote waliyoyafanya ni bure: akidi ni watu 68, nao walikuwa 67.

Kwa aliyezoea kumsikia spika akisema wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme sio, kisha akaamua kwa sikio kwamba waliosema ndiyo wameshinda, ugomvi juu ya mtu mmoja unaweza kuonekana wa kitoto. Lakini Bunge hili ukilitazama kwa karibu, unakuta mambo yake makubwa yote yamefungwa na hesabu iliyoandikwa kwenye katiba. Na hesabu hiyo haina huruma, kwa sababu inahesabu viti, haihesabu waliokuja. Aliyesusa, anayeumwa, aliyekwama kwenye theluji, hata kiti ambacho hakina mwenyewe, vyote vinaangukia upande wa "hapana".

Hapo ndipo kiini cha kesi kilipokuwa. Uchaguzi wa Novemba 2024 ulikipa kila chama viti 67, sare ambayo ilishawahi kutokea pia mwaka 1979. Kisha jaji akakuta kwamba mshindi mmoja wa DFL haishi katika eneo alilogombea, na kiti chake kikawa wazi. Wakabaki watu 133, Warepublican 67 na DFL 66. Warepublican wakadai kwamba wingi wa watu 133 ni 67, kwa hiyo wametosha. Mahakama ikajibu kwamba Baraza la Wawakilishi, chumba cha chini cha Bunge hilo, lina viti 134, vyenye watu au visivyo na watu, na wingi wa 134 ni 68. DFL nao hawakususa kwa kununa tu. Walijua uchaguzi mdogo ungewarudishia kile kiti, na waliogopa kwamba wapinzani wao wangetumia wiki hizo chache kujipa spika na kamati zote kwa miaka miwili, na pengine kumnyima kiti mwakilishi mwingine wa DFL aliyekuwa ameshinda kwa tofauti ya kura zisizofika ishirini. Mapatano yalifikiwa mwanzoni mwa Februari: Demuth awe spika, kamati zigawanywe nusu kwa nusu na ziwe na wenyeviti wenza mara sare itakaporudi. Uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 11 Machi na sare ikarudi kweli.

Sasa turudi kwenye msingi. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina Bunge lake ambalo si tawi la Bunge la Washington. Linatunga sheria za shule, barabara, jinai, ndoa, bima, kodi ya mapato ya jimbo, leseni za udereva na hata utaratibu wa kupiga kura. Mhamiaji anayeishi huko huguswa na Bunge la jimbo lake kila siku, ingawa habari anazozisikia redioni ni za Congress, yaani lile Bunge la Washington. Na mabunge hayo hayafanani. Nebraska ina chumba kimoja tu tangu 1937, chenye maseneta 49 wanaochaguliwa bila jina la chama. Texas hukutana kwa kawaida mara moja kila miaka miwili, kwa siku zisizozidi 140. New Hampshire, jimbo dogo sana, ina wawakilishi 400 kwenye baraza lake la chini. Nimeichagua Minnesota kwa sababu miaka hii ya karibuni hesabu yake imebana mpaka mitambo ya ndani imeonekana, na kwa sababu Afrika Mashariki imo humo. Ilhan Omar, aliyeishi utotoni katika kambi ya wakimbizi Kenya, alianzia siasa zake katika Baraza hili alipochaguliwa mwaka 2016. Katika uchaguzi ule ule wa sare wa 2024, Huldah Momanyi-Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alishinda kiti cha Brooklyn Park, kitongoji cha Minneapolis chenye Wakenya wengi.

Muundo wenyewe ni rahisi kuliko sifa zake. Jimbo limegawanywa katika maeneo 67 ya Seneti, na kila eneo likakatwa vipande viwili, A na B. Kila kipande kina mwakilishi mmoja. Kwa hiyo maseneta ni 67 na wawakilishi 134, jumla 201, na kila mkazi ana seneta mmoja na mwakilishi mmoja anaoweza kuwataja kwa jina. (Seneti ya Kenya nayo ina maseneta 67, ukimwacha spika, lakini hiyo ni bahati tu; kule Nairobi idadi inajumuisha viti maalum, Minnesota hakuna kitu kama hicho.) Wawakilishi wanachaguliwa kila baada ya miaka miwili. Maseneta huchaguliwa kwa miaka minne, isipokuwa muhula mmoja mfupi wa miaka miwili katika kila muongo, ili uchaguzi wao uangukie kwenye mipaka mipya inayochorwa baada ya sensa. Ndiyo maana viti vya Seneti viligombewa 2020, tena 2022, halafu 2026.

Mipaka hiyo inapaswa kuchorwa na Bunge lenyewe. Kwa miongo kadhaa sasa vyama vimeshindwa kuelewana, na kazi imekuwa ikimalizwa na majaji. Ramani ya sasa ilitolewa na jopo la majaji watano Februari 2022.

Baraza la Wawakilishi linaongozwa na spika, na usimfikirie kuwa mwamuzi wa kati asiye na upande. Ni kiongozi wa chama chenye wingi. Anapanga nani akae kamati gani, nani awe mwenyekiti, mswada upelekwe kamati ipi, na hapo ndipo miswada mingi hufia bila kelele. Seneti inaye rais wake, lakini nguvu huko ziko kwa kiongozi wa wengi. Zamani Naibu Gavana ndiye aliyekuwa akiongoza Seneti. Hilo liliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wakati huohuo likaondoka jambo jingine la ajabu: tangu 1913 hadi 1973 wabunge wa Minnesota walichaguliwa bila karatasi ya kura kuonyesha vyama vyao, ingawa kila mtu alijua nani yuko upande gani.

Gavana na makamishna wake, ambao kwetu tungewaita mawaziri, si wabunge. Hakuna maswali kwa waziri, hakuna serikali kuangushwa kwa kura ya kutokuwa na imani. Gavana akitaka sheria ipite, lazima amtafute mbunge wa kuibeba. Seneti kwa upande wake inaweza kumkataa kamishna aliyeteuliwa, na akikataliwa anatoka siku hiyo hiyo hata kama ameshafanya kazi mwaka mzima. Mwaka 2020 kamishna wa kazi na kamishna wa biashara waliondolewa hivyo.

Mswada huanza kama wazo la mtu yeyote: mbunge, chama cha walimu, kampuni, au mama aliyechoshwa na jambo shuleni. Mbunge hulipeleka kwenye ofisi ya waandishi wa sheria, watumishi wasio na chama wanaoligeuza kuwa lugha ya kisheria, na bila muhuri wao mswada hauingii. Kwa kawaida hupatikana miswada pacha, mmoja wa Baraza na mmoja wa Seneti, inayotembea sambamba. Katiba inataka kila mswada usomwe siku tatu tofauti katika kila chumba, isipokuwa theluthi mbili wakubali kuharakisha. Usomaji wa kwanza ni wa kuutaja na kuupeleka kamatini. Kamati ndiyo inayosikiliza mashahidi, inabadilisha maneno, inapiga kura au inaukalia. Mwenyekiti asipoupangia siku, umekufa, na hana sababu anayolazimika kuitoa. Zipo tarehe za mwisho za kamati katika msimu wa kuchipua, zikipita mswada usiosikilizwa husubiri mwaka wa pili wa kipindi au hubebwa mgongoni mwa mswada mwingine.

Vyumba viwili vikipitisha maneno tofauti, inaundwa kamati ya upatanishi yenye wajumbe sawa kutoka kila upande, watatu au watano. Ripoti yao ikirudi ukumbini haibadilishwi hata nukta: unaipokea au unaikataa. Kwa maoni yangu watu hao kumi wana nguvu kuliko hotuba zote za ukumbini zikijumlishwa, na ni vigumu kupata raia anayeweza kutaja majina yao.

Halafu inakuja kura ya mwisho, na hesabu niliyoanza nayo. Mswada wa kawaida unahitaji kura 68 katika Baraza na 34 katika Seneti, hata kama nusu ya wajumbe wako hospitalini. Kukopa kwa hati fungani ili kujenga madaraja na vyuo kunahitaji asilimia 60, yaani 81 na 41, kwa hiyo karibu kila mara chama cha wachache kina rungu mkononi. Kushinda turufu ya gavana, yaani kupitisha mswada alioukataa, kunahitaji theluthi mbili: 90 na 45. Utaratibu wa kuhesabu asiyekuwepo unafika hadi kwa wapiga kura. Bunge linaweza kupendekeza marekebisho ya katiba kwa wingi wa kawaida bila saini ya gavana, lakini wananchi wanapoamua, yanapita tu yakiungwa mkono na zaidi ya nusu ya wote waliopiga kura siku hiyo. Anayemchagua rais na kuliacha swali la katiba wazi amesema hapana. Mwaka 2012 mapendekezo mawili, la ndoa na la vitambulisho vya mpigakura, yote yalianguka.

Kalenda nayo ina meno. Katika kipindi cha miaka miwili Bunge lina siku 120 tu za kukutana, na kila mwaka lazima liache kazi Jumatatu ya kwanza baada ya Jumamosi ya tatu ya Mei. Siku ya kibunge huhesabiwa kutoka saa moja asubuhi hadi saa moja asubuhi ya kesho yake, kwa hiyo kukesha hakugharimu siku ya pili. Lakini katiba inaongeza kwamba hakuna mswada unaoweza kupitishwa siku yenyewe ya kufunga, na kimazoea mlango hufungwa Jumapili saa sita usiku. Matokeo yake kila Mei ni yale yale. Watu waliovutana tangu Januari wanakubaliana ghafla Jumamosi usiku.

Mei 2024 hilo lilifika pabaya. Dakika za mwisho za Jumapili DFL, waliokuwa na wingi katika vyumba vyote viwili, walijumlisha mambo ya kodi, afya, uchukuzi, silaha na mengineyo katika mswada mmoja wa kurasa zaidi ya 1,400 na kuupitisha huku Warepublican wakipiga kelele kwamba hakuna aliyeusoma. Katiba ya Minnesota inasema waziwazi kwamba sheria moja isibebe zaidi ya jambo moja. Mara nyingi mahakama ziliwaonya wabunge tu, bila kufuta sheria. Agosti 2025 jaji wa kaunti ya Ramsey aliifuta sehemu iliyohusu kifaa cha kufanya bunduki ifyatue risasi mbili kwa kubonyeza na kuachia, si kwa sababu ya maudhui yake bali kwa sababu ilisafiri kwenye gari ambalo halikuwa lake. Wakosoaji wanaoita mswada ule aibu wako sahihi, lakini nadhani wanasahau kuilaumu kalenda. Ukiwapa watu 201 ukomo wa saa na sheria ya jambo moja kwa wakati mmoja, mmojawapo utavunjwa.

Gavana akipelekewa mswada wakati Bunge linaendelea ana siku tatu, bila kuhesabu Jumapili. Akikaa kimya unakuwa sheria. Kwa ile inayopita mwishoni kabisa ana siku 14, na hapo ukimya wake unageuka: asiposaini, mswada umekufa. Katika miswada ya matumizi anaweza kufuta fungu moja la fedha na kuacha mengine. Mwaka 2017 Gavana Mark Dayton alilifutia fedha Bunge lenyewe ili kulilazimisha lirudi mezani kuzungumzia kodi. Wabunge walikwenda mahakamani, na Mahakama ya Juu ikasema katiba inamruhusu. Upande wa pili wa mizani ulionekana Februari 2008, miezi michache baada ya daraja la barabara kuu ya I-35W kuporomoka Minneapolis na kuua watu 13. Gavana Tim Pawlenty aliukataa mswada wa kuongeza kodi ya petroli kwa ajili ya barabara. Warepublican sita wa Baraza wakamwacha mkono, kura zikawa 91 kwa 41, moja tu juu ya kiwango, na turufu ikashindwa.

Kazi isiyoepukika ni bajeti. Hutungwa kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, kwa miaka miwili inayoanza tarehe 1 Julai. Isipopita, ofisi zinafungwa. Mwaka 2011 serikali ya jimbo ilifungwa siku 20, watumishi wakiwa nyumbani na mbuga zimefungwa wakati wa kiangazi. Ndipo inapofaa kuona kura moja inavyoweza kuzaa majimbo mawili tofauti. Mwaka 2023 DFL walikuwa na maseneta 34 dhidi ya 33, wingi katika Baraza, gavana wa chama chao Tim Walz, na makadirio ya ziada ya dola bilioni 17.5. Kwa wingi huo wa kura moja katika Seneti walipitisha chakula cha bure kwa wanafunzi wote, likizo ya uzazi na ugonjwa yenye malipo, leseni ya udereva bila kuuliza hali ya uhamiaji, na bima ya afya ya jimbo, MinnesotaCare, kwa wasio na hati za ukaazi.

Miaka miwili baadaye ziada ilishayeyuka na Baraza lilikuwa sare. Bajeti ya takriban dola bilioni 66 haikukamilika kufikia Mei, gavana akaita kikao maalum cha siku moja tarehe 9 Juni 2025. (Ni gavana pekee anayeweza kuita kikao maalum, namna ya kukifunga ni ya Bunge.) Bei ya Warepublican ilikuwa kuwaondoa watu wazima wasio na hati kwenye MinnesotaCare ifikapo mwisho wa mwaka, watoto wakibaki. Seneti ilipitisha kwa 37 dhidi ya 30. Katika Baraza Warepublican wote 67 waliunga mkono, na mwana-DFL mmoja tu: Melissa Hortman, kiongozi wao na spika wa zamani, aliyekuwa amefikia mapatano hayo na kuona kwamba asipoitoa kura ya 68 mwenyewe serikali itafungwa. Ilikuwa 68 kwa 65. Siku tano baadaye, tarehe 14 Juni, yeye na mumewe waliuawa nyumbani kwao na mtu aliyejifanya polisi, aliyekuwa ameshampiga risasi Seneta John Hoffman na mkewe usiku huohuo. Kiti cha Hortman kilijazwa katika uchaguzi mdogo wa Septemba, DFL wakakihifadhi, na sare ikarudi.

Wanaoketi humo, kwa sehemu kubwa, si wanasiasa wa kulipwa vizuri. Mshahara hupangwa na baraza huru tangu wananchi walipobadilisha katiba mwaka 2016, na mwaka 2023 ulipandishwa hadi dola 51,750, pamoja na posho. Wengi wana kazi nyingine: wanasheria, walimu, wakulima, wauguzi. Uzuri wake ni kwamba wanajua bei ya maziwa. Ubaya ni kwamba wanategemea sana wanaokaa Capitol, jengo la Bunge, mwaka mzima, yaani mawakala wa makampuni na makundi ya ushawishi, na kinachowapa nafasi ya kupumua ni watafiti wa Bunge wasio na chama pamoja na Mkaguzi wa Bunge, ofisi ya tangu 1973 inayochunguza fedha za umma zimekwendaje.

Kwa mkazi asiye na wakala, mlango ulio wazi ni kamati, na si ukumbi mkuu. Ukumbini raia hukaa juu kwenye roshani akitazama. Kamatini anaweza kuandika barua pepe kwa msimamizi wa kamati, akaingizwa kwenye orodha ya mashahidi, akapewa dakika zake chache mbele ya wabunge. Inafaa kufanya hivyo Februari au mapema Machi, kabla ya tarehe za mwisho za kamati, na kumpelekea nakala seneta na mwakilishi wa eneo lake. Akisubiri Mei, atakuta mswada wake umeshaingia kwenye chumba cha wale kumi. Viti vyote 201 vinagombewa Novemba 2026.